Nani Analindwa Dhidi ya Nani: Maabara, Vimelea na Mgonjwa wa Kwanza

Mwanzoni mwa Julai 2014, wafanyakazi waliokuwa wakijiandaa kuhamisha maabara moja huko Bethesda, Marekani, walifungua chumba cha baridi wakakuta maboksi ambayo hayakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Ndani mlikuwa na vichupa vya kioo vilivyozibwa kwa kuyeyushwa midomo, masalia ya miaka ya 1950. Sita kati ya hivyo vilikuwa na virusi vya ndui. Vikapelekwa Atlanta kwa ulinzi mkali, vikapimwa, na virusi vya vichupa viwili vikazaliana. Zaidi ya nusu karne ndani ya boksi, na bado vilikuwa hai.

Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Makubaliano ya dunia ni kwamba virusi vyake vihifadhiwe mahali pawili tu: Atlanta, na Koltsovo huko Siberia. Kumbe palikuwepo pa tatu, na wenye nyumba wenyewe hawakujua. Hakuna aliyeiba kitu wala aliyeugua. Mtu fulani, zamani, aliweka kazi yake kwenye baridi, kisha akahama au akastaafu bila kukabidhi.

Nimeanzia hapo makusudi. Ukitaja tishio la kibiolojia mbele ya watu, wengi wanamwona mtu mwovu aliyevaa koti jeupe, ameshika kichupa kinachong'aa. Watu wabaya wa namna hiyo wamewahi kuwepo, na nitawafikia. Lakini ukipitia kumbukumbu za ajali za maabara kwa miaka hamsini iliyopita, mwovu huyo anaonekana mara chache sana. Vinavyojirudia ni chujio la hewa, bomba la maji taka, dawa iliyopita muda wake na friza isiyo na orodha.

Neno moja, mizigo miwili

Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko. Tuna neno moja, usalama, na tumelibebesha mizigo miwili. Usalama barabarani ni kuhakikisha basi halipinduki. Lakini tukisema "yule ni mtu wa usalama" tunashusha sauti, na hatumaanishi trafiki. Kwa hiyo mtu akiandika "usalama wa maabara" msomaji hajui kama anazungumzia glavu au walinzi wa getini.

Wanaofanya kazi hiyo hutenganisha. Usalama wa kibiolojia ni kuwakinga watu dhidi ya vimelea: glavu, barakoa, vichujio, mafunzo, namna ya kumwaga uchafu. Ulinzi wa kibiolojia ni kuvikinga vimelea dhidi ya watu: kufuli, orodha ya vichupa, kujua nani ana ufunguo na nani aliingia saa ngapi. Mara nyingi viwili hivi husaidiana. Wakati mwingine hugombana, na hapo ndipo utamjua msimamizi aliyeiva. Mtu wa usalama wa kibiolojia anataka bango kubwa mlangoni likieleza ndani kuna kimelea gani, ili zimamoto na mfanya usafi wasiingie kichwa kichwa. Mtu wa ulinzi anauliza kwa nini tumtangazie kila apitaye. Wa kwanza anataka moto ukizuka mlango ufunguke kwa kusukumwa tu, wa pili anataka usifunguke bila kadi. Hakuna kitabu kinachomaliza mabishano hayo mara moja kwa majengo yote. Watu hukaa, hupima hatari ya mahali pao, na huandika walichokubaliana.

Juu ya hayo kuna jambo la tatu, utayari wa afya ya jamii, ambalo haliko maabara kabisa. Liko kituo cha afya, kwa muuguzi anayempokea mtu mwenye homa. Nitalirudia, maana kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Pazia la hewa

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliyeugua Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio nchini kwake. Laiti hadithi ingeishia hapo. Agosti 1978, huko Birmingham, Uingereza, Janet Parker alianza kuumwa kichwa na misuli, kisha akatoka vipele. Alikuwa mpigapicha wa chuo cha tiba, na chumba chake cha kusafishia picha kilikuwa ghorofa moja juu ya maabara iliyofanyia utafiti virusi vya ndui. Alifariki Septemba 11. Mama yake aliambukizwa akapona. Mkuu wa maabara, Profesa Henry Bedson, alijiua kabla Parker hajafa. Uchunguzi wa serikali ulinyooshea kidole njia ya hewa kati ya ghorofa, lakini mahakamani chuo hakikutiwa hatiani, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana virusi vilipanda vipi. Linalojulikana ni kwamba mtu wa mwisho kuuawa na ndui duniani hakuwahi kushika kichupa hata kimoja.

Ndiyo maana kazi ya usalama wa maabara, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kuongoza hewa. Tazama kifaa kinachoitwa kabati la usalama wa kibiolojia, lile sanduku la chuma lenye kioo mbele ambalo mtaalamu huingiza mikono chini yake. Ukilitazama haraka unadhani kioo ndicho kinga. Kioo kinazuia mruko wa matone usoni, basi. Kinga yenyewe ni upepo. Feni inavuta hewa ya chumba kupitia matundu yaliyo ukingoni, mbele kabisa, ikiingia chini kabla haijafika kwenye sampuli. Hewa iliyochujwa inashuka kutoka juu kama pazia, na inayotoka nje inapita kwanza kwenye chujio linalonasa zaidi ya asilimia 99.9 ya chembe ndogo kabisa. Sasa mtaalamu aliyechoka anaweka daftari lake juu ya yale matundu ya mbele, maana pana nafasi nzuri ya kuandikia. Pazia limekatika. Au anachomoa mkono kwa kasi kuchukua kalamu, na mkono unaivuta hewa ya ndani ukaja nayo. Hakuna king'ora kinacholia. Aliyefundishwa vizuri huingiza mikono taratibu, moja kwa moja bila kupepea pembeni, na hupanga kila atakachohitaji ndani ya kabati kabla hajafungua kichupa cha kwanza. Ukiwa nje kazi hiyo inaonekana ya polepole mno, karibu ya uvivu.

Chujio nalo huzeeka, hupasuka, hulazimu kubadilishwa. Kabati linatakiwa kupimwa na fundi mwenye ujuzi angalau mara moja kwa mwaka, na hapo mambo huharibika katika maabara nyingi zenye bajeti finyu: kabati lilinunuliwa kwa msaada, lilizinduliwa kwa utepe na hotuba, na fundi wa kulipima hakuwekwa kwenye bajeti ya mtu.

Kuhusu zile ngazi nne za maabara ambazo vyombo vya habari hupenda kuzitaja, niseme kwa ufupi. Ngazi ya kwanza ni ya vimelea visivyodhuru watu wenye afya, ya nne ni ya virusi kama Ebola na Marburg, ambako wahudumu huvaa suti nzima yenye mpira wa kupitishia hewa. Watu hudhani ni daraja la ubora, kana kwamba maabara ya ngazi ya pili ni ya wanafunzi walioshindwa mtihani. Sivyo. Ngazi inafuata kazi inayofanyika. Tena toleo la 2020 la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani limeacha kung'ang'ania ngazi. Linataka kila maabara ipime hatari ya kazi mahususi, kwa sababu kimelea kilekile kina hatari moja kikiwa kwenye tone la damu la kupimwa na nyingine kabisa kikiwa kimekuzwa kwa lita.

Kosa moja linastahili kutajwa peke yake: kudhani kimekufa. SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na virusi, ulidhibitiwa katikati ya mwaka 2003. Miezi michache baadaye ulirudi mara tatu kutoka maabara, Singapore, Taipei na kisha Beijing. Wa Beijing, mwaka 2004, ulianzia kwenye virusi vilivyodhaniwa vimeshauawa vikafanyiwa kazi nje ya chumba cha ulinzi wa juu. Waliougua walikuwa 9, na aliyefariki ni mama aliyekuwa akimuuguza binti yake, mtafiti. Miaka kumi baadaye, Juni 2014, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitangaza kwamba wafanyakazi wake wapatao 75 huenda wamekutana na bakteria hai wa kimeta, kwa sababu mbinu ya kuwaua haikukamilika na hakuna aliyethibitisha kabla ya kuwahamishia maabara za kawaida. Bahati yao, hakuna aliyeugua. Na kituo hicho ni kilekile ambacho wiki chache baadaye kilipokea vichupa vya Bethesda.

Ajali nyingine hazikuhitaji hata mtafiti. Mwaka 2007, mabomba ya maji taka yaliyochakaa katika eneo la Pirbright, Uingereza, yalivujisha virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, ng'ombe wa mashamba ya jirani wakaugua. Mwaka 2019, kiwanda cha chanjo za mifugo mjini Lanzhou, China, kilitumia dawa ya kuua vijidudu iliyopita muda wake. Hewa iliyotoka kiwandani ilibeba bakteria wa bruselosi, ugonjwa wa homa ambao watu huupata kutoka kwa mifugo, na watu zaidi ya 10,000 waliambukizwa. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga kiwandani humo.

Mwenye ufunguo

Tukija upande wa ulinzi, picha ya ukuta na nyaya za umeme inapotosha. Mwaka 2001 barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa posta Marekani. Watu 5 walifariki, 17 wengine wakaugua. Polisi wa upelelezi walihitimisha mwaka 2010 kwamba mhusika alikuwa Bruce Ivins, mtafiti wa kimeta katika maabara ya jeshi, aliyekuwa amejiua mwaka 2008 kabla ya kushtakiwa. Jopo la wanasayansi baadaye lilisema ushahidi wa kisayansi peke yake hautoshi kuthibitisha chupa iliyokuwa chanzo. Vyovyote iwavyo, upelelezi ulioanza kwa kuwatafuta magaidi wa ng'ambo uliishia kwa watu wenye kadi halali ya kuingilia.

Kumzuia aliye ndani si kazi ya ukuta. Ni kazi ya orodha, ya kufanya kazi wawili wawili, na ya mazingira ambamo mfanyakazi anaweza kusema "mwenzetu hayuko sawa siku hizi" bila kuonekana msaliti. Chukua orodha tu. Boksi la kawaida la friza lina vyumba 81, tisa kwa tisa, kila kimoja na kichupa kisichozidi urefu wa kidole. Friza moja hubeba mamia ya maboksi. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, karatasi ya gundi hubanduka, na herufi za kifupi alizozielewa mwanafunzi aliyehitimu miaka minane iliyopita hazisomeki na mtu mwingine. Ukikuta chumba kitupu kati ya hivyo 81, je, kichupa kimeibwa, kimetumika, au hakikuwepo? Pasipo daftari linaloandikwa kila friza inapofunguliwa, maswali hayo matatu yana jibu moja: sijui. Njia rahisi kuliko zote ya ulinzi ni kupunguza. Sampuli isiyohitajika tena inachomwa, na friza inabaki na vichache vinavyohesabika.

Pengine mfano wa kutisha zaidi wa miaka ya karibuni ni Khartoum. Aprili 2023, vita vilipozuka, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani nchini Sudan alionya kwamba wapiganaji wameikalia maabara ya taifa ya afya ya jamii na kuwatoa mafundi wake. Ndani mlikuwa na sampuli za polio, surua na kipindupindu. Haikuwa maabara ya siri. Ilikuwa ile ya kila siku, ya kupima choo na damu za wananchi. Mpiganaji hana haja ya vichupa vile, na hilo ndilo lililowatia watu hofu: anayevivunja kutafuta mafuta ya jenereta hajui anavunja nini.

Mgonjwa anapoingia mlangoni

Kimelea kinaweza kutoka porini, kinaweza kuponyoka maabara, kinaweza kutumwa na mtu. Kwa daktari wa zamu, njia zote tatu zinaishia mahali pamoja: mtu mwenye homa amekaa kwenye benchi. Hana kibandiko usoni. Ndiyo maana kuwa na mpango wa mlipuko wa asili, mpango wa ajali na mpango wa shambulio, kila mmoja na kamati na posho zake, ni upotevu. Sehemu kubwa ya kazi ni ileile.

Oktoba 2, 2001, mwanamume mmoja alifikishwa hospitali huko Florida akiwa na homa na amechanganyikiwa. Daktari wa magonjwa ya kuambukiza, Larry Bush, alitazama maji ya uti wa mgongo kwa hadubini akaona bakteria wenye umbo la vijiti vinene. Akahisi kimeta, ugonjwa ambao daktari wa Marekani anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuuona. Hakungoja. Sampuli ilikwenda maabara ya jimbo mjini Jacksonville, ambayo ilikuwa ndani ya mtandao ulioundwa mwaka 1999 kufundisha maabara za kawaida kutambua vimelea hatari. Jibu likapatikana haraka. Mgonjwa, Robert Stevens, alifariki Oktoba 5, lakini wagonjwa waliofuata walipata dawa kwa sababu kila hospitali sasa ilijua inatafuta nini. Vitu viwili tu vilifanya kazi pale, jicho la daktari na maabara iliyofundishwa kabla ya siku yenyewe.

Hali haiendi hivyo kila mara. Mwaka 1984, katika mji wa The Dalles jimboni Oregon, watu 751 waliugua tumbo baada ya kula migahawani. Wachunguzi walikisia uchafu wa mikono ya wahudumu. Ilipita takriban mwaka ndipo ukweli ukajulikana, kwamba wafuasi wa kundi moja la kidini walikuwa wamekichafua chakula makusudi. Walijulikana kwa sababu waligombana wao kwa wao. Wahudumu wa watu, wamebeba lawama mwaka mzima.

Kasi ya kutambua ndiyo inayotenganisha tukio na janga. Mtoto anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika Ebola ya Afrika Magharibi aliugua kijijini Meliandou, Guinea, Desemba 2013. Virusi vilitambuliwa Machi 2014. Miezi mitatu ikawa imepita, na mwisho wake waliougua walizidi 28,600, waliofariki zaidi ya 11,300. Julai ya mwaka huohuo msafiri mmoja mwenye Ebola alianguka uwanja wa ndege wa Lagos, Nigeria, jiji la mamilioni. Dk. Ameyo Stella Adadevoh na wenzake walikataa kumruhusu aondoke hospitalini licha ya shinikizo, na yeye Adadevoh aliambukizwa akafa. Nigeria ilikuwa tayari na kituo cha dharura kilichojengwa kwa ajili ya polio, kikageuziwa Ebola ndani ya siku chache. Watu karibu 900 waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa, nyumba kwa nyumba, kwa ziara zaidi ya 18,000. Waliougua wakawa 20, waliofariki 8, na Oktoba 20 nchi ikatangazwa salama. Watu husifia chanjo na dawa, na wana haki, lakini Lagos haikuwa na chochote kati ya hivyo. Ilikuwa na watu waliojua kubisha hodi na kuuliza maswali.

Siku hizi kuna kipimo kinachoitwa saba, moja, saba. Siku 7 kuutambua mlipuko tangu uanze, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kuwa umekamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Kinapendwa kwa sababu kinauliza "lini" badala ya "je, mnao mpango?" Mpango kila mtu anao, umekaa kabatini. Ukipima kwa siku, unagundua kwamba sampuli ilikaa siku nne wilayani ikingoja gari, au kwamba hapakuwa na boksi la kuifungashia. Na boksi hilo lina masharti yake: chombo kisichovuja, kikazungushiwa kitu cha kunyonya, ndani ya chombo cha pili, ndani ya cha tatu kigumu, na kibandiko UN3373 kwa sampuli za kawaida za wagonjwa. Plastiki na pamba za bei nafuu. Zikikosekana, mtaalamu bingwa wa vinasaba huko makao makuu hana cha kupima.

Nani anathubutu kusema

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zinazoyafunga mataifa 196, zinataka nchi ipime taarifa ya tukio la dharura ndani ya saa 48, na ikiona lina sura ya kuvuka mipaka, ilitaarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24. Kwenye karatasi ni safi. Kisha tazama kilichotokea Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya virusi vya korona, wakaitangaza mara moja kama kanuni zinavyotaka. Kufumba na kufumbua nchi tajiri zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika, ingawa aina hiyo, Omicron, ilishafika kwao. Waziri wa afya wa nchi yoyote aliyekuwa akitazama alijifunza somo, na si lile lililoandikwa kwenye kanuni.

Upande wa pili wa kunyamaza ni Sverdlovsk. Aprili 1979, katika mji huo wa Umoja wa Kisovieti, watu wasiopungua 66 walikufa kwa kimeta. Serikali ilisema ni nyama mbovu, na kwa miaka kadhaa wapo wataalamu wa nje walioamini. Mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin alikiri kwamba chanzo kilikuwa jeshi, na timu ya Matthew Meselson ikaruhusiwa kwenda. Walifanya kazi ya miguu: walipita kwa familia, wakauliza marehemu alikuwa wapi mchana wa Jumatatu, Aprili 2, wakatia nukta kwenye ramani. Nukta zilipanga mstari mwembamba kutoka kambi ya jeshi kuelekea kusini, upande uleule upepo ulikovuma siku ile, na mbele zaidi kwenye mstari huohuo walikufa kondoo na ng'ombe wa vijijini. Nyama haifuati upepo. Madaktari wa mji, wakati ule wa 1979, walitibu watu waliovuta kimeta kwa pumzi huku wakiambiwa watafute bucha.

Umoja wa Kisovieti ulikuwa umetia saini Mkataba wa Silaha za Kibiolojia, uliofunguliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1975. Mkataba unakataza kutengeneza na kuhifadhi silaha hizo. Lakini hauna wakaguzi. Wenzake wa silaha za kemikali wana shirika zima huko The Hague lenye mamia ya watumishi na haki ya kuingia viwandani, ilhali huu wa kibiolojia una ofisi ya watu wanaohesabika kwa vidole. Mazungumzo ya kuupatia ukaguzi yalivunjika mwaka 2001, Marekani ilipoyakataa. Sababu si siasa peke yake. Tangi la kukuzia bakteria wa chanjo na tangi la kukuzia bakteria wa silaha ni tangi lilelile. Anayekagua anatakiwa kusoma nia, na nia haina geji.

Ugumu huohuo upo kwenye utafiti halali. Mwaka 2011 timu mbili, ya Uholanzi na ya Marekani, zilionyesha kwamba mafua ya ndege ya H5N1 yanaweza kubadilika hadi yaambukize kwa hewa kati ya fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche wanaotumika kupima mafua ya binadamu. Watetezi walisema tumeonywa mapema nini cha kufuatilia kwa ndege. Wakosoaji walisema mmetengeneza kitu ambacho maumbile hayakuwa yametengeneza. Watafiti wenyewe walisimamisha kazi Januari 2012 kwa siku 60, zikageuka kuwa takriban mwaka. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, na kwamba swali lilipaswa kuulizwa kabla ya jaribio na si baada ya makala kuandikwa. Mwelekeo wa sasa ni huo: kupitia pendekezo kabla ya kutoa fedha, na kuyataka makampuni yanayouza vinasaba vya kutengenezwa yakague nani anaagiza na anaagiza nini. Makampuni kadhaa yanafanya hivyo kwa hiari tangu mwaka 2009. Hiari, ndiyo, na mwenye nia mbaya hutafuta muuzaji asiyeuliza.

Kuna ugonjwa mwingine mmoja tu uliowahi kutokomezwa kama ndui. Ni sotoka, ile tauni ya ng'ombe iliyofagia mifugo ya Afrika miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake. Ilitangazwa kwisha mwaka 2011. Virusi vyake, kama kawaida, vilibaki kwenye friza za maabara kadhaa duniani, nyingine zikiwa na ulinzi hafifu. Akiba kubwa kuliko zote ilikuwa Pirbright, kulekule kulikovuja mabomba mwaka 2007. Huko watafiti walichukua vichupa kimoja kimoja, wakasoma mpangilio wa vinasaba vya kila aina na kuuhifadhi kwenye kompyuta, kisha Juni 2019 wakachoma vilivyobaki. Maabara nyingine chache bado zinahifadhi sotoka yao. Na virusi vya ndui, ambavyo mataifa yamekuwa yakiahirisha kuviangamiza tangu miaka ya 1990, bado vipo Atlanta na Koltsovo.